Wiki Hamsini na Mbili za Pointi Moja

Elkanah Obuya wa Rangwe alikuwa na pointi moja duniani. Usicheke. Dunia hii ina watu zaidi ya bilioni nane, na wanaume walio na angalau pointi moja kwenye orodha ya wachezaji wa tenisi wa kulipwa ni kama elfu mbili tu. Elkanah alikuwa wa elfu moja mia tano themanini na tatu. Rafiki yake mchora vibao alikuwa ameiandika namba hiyo kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa chumba alichopanga Homa Bay, na sokoni Rangwe wauza nyanya walimwita "Elfu Moja", hizo nyingine wakaona hazina haja.

Ubaya wa pointi ya tenisi ni kwamba ina siku yake ya kufa. Ukiipata leo unakaa nayo wiki hamsini na mbili, halafu Jumatatu moja inaondoka, kama bando la simu linavyoisha hata kama hukulitumia. Orodha mpya hutoka kila Jumatatu. Ukitaka jina lako libaki, ushinde tena kabla siku hiyo haijafika. Elkanah alikuwa amejaribu. Wiki mbili zilizopita alikwenda Nairobi kwenye mashindano yaleyale yaliyompa pointi mwaka jana, akatolewa kwenye mchujo na kijana wa Misri wa miaka kumi na saba, kwa dakika hamsini na tano, na kijana mwenyewe wala hakutoka jasho la maana. Kwa hiyo pointi ilikuwa ife Jumatatu ijayo. Siku hii tunayoisimulia ilikuwa Jumatano.

Alikuwa Homa Bay, kwenye kiwanja cha saruji cha hoteli moja karibu na ziwa, akimfundisha mama mmoja wa benki kupiga mpira bila kufumba macho. Simu ikalia. Alipoona ni mwalimu aliyemfundisha tenisi utotoni, akaomba ruhusa, akasogea pembeni.

"Elkanah, wewe uko wapi?"

"Niko kazini, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo kazi iache kidogo unisikize. Kiwanja imekauka. Tunafungua Jumamosi."

"Si ulisema mwezi ujao?"

"Mwezi ujao utakuwa na pointi?"

Elkanah akasukuma mpira mmoja kwa ncha ya kiatu.

"Basi," akasema Mwalimu Teresa. "Tunafungua Jumamosi ukiwa bado nayo. Nataka hawa watoto waone mtu mwenye pointi na macho yao, si waambiwe ati kulikuwa na mtu. Mama yako nimeshamwambia. Uvae ile jezi ya Kenya."

Simu ikakatika, maana Mwalimu Teresa hakuwa mtu wa kuagana. Mtu mwingine angefurahi. Elkanah alirudi kwa mwanafunzi wake, akampigia mipira kumi, yote ikaenda kwenye neti. Alitamani Jumatatu ifike kabla ya Jumamosi, ile pointi ifie chumbani kwake, Homa Bay, kimyakimya, bila watoto, bila mama, na zaidi ya yote bila Mwalimu Teresa. Kwa sababu pointi ile haikuwa yake, na aliyelijua hilo alikuwa yeye peke yake.

Elkanah alizaliwa Rangwe, lakini tenisi aliipatia Suna, kule Migori. Baba yake alipofariki, mama yake, Phelesia, alimpeleka kwa shangazi yake mshonaji ili asome huko. Alikuwa na miaka tisa, Kikuria hajui hata neno moja, Kiswahili chake cha kuombea maji. Wiki ya kwanza alimfuata mwalimu wake wa darasa la nne mpaka nyumbani kwake kumbebea vitabu, na huko nyuma ya nyumba akakuta watoto wanaponda kichuguu kwa nyundo.

Mwalimu huyo ndiye Teresa Robi. Tenisi alijifunza chuoni alipokuwa akisomea ualimu, kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, netiboli ilikuwa imejaa. Mumewe alilima tumbaku. Alipokufa, mama yule akasema tumbaku imetosha kwenye boma hili, akabomoa banda la kukaushia, akasawazisha pale lilipokuwa, akaanza kubebesha watu vichuguu kutoka kila shamba lililokubali. Udongo wa kichuguu mchwa ameshausaga na kuukanda kwa niaba yako. Wewe kazi yako ni kuuponda, kuuchekecha, kuumwagia maji na kuukandamiza kwa pipa lililojazwa zege. Ukikauka unakuwa mgumu, lakini juu kabisa unabaki na ungaunga laini. Mpira ukitua hapo unaacha alama.

Kiwanja kile hakikuwa na mwamuzi. Kila mtu aliamua mipira iliyotua upande wake. Ukisema mpira umetoka, ilikubidi uizungushie alama duara kwa kidole, kisha ungoje mwenzako avuke neti aje aitazame kwa macho yake. Hata kama mmechoka. Hata kama mvua imeanza kudondoka. Na mchezo ukiisha, aliyeshindwa alichukua gunia la katani lililotiwa ubao ndani, akalivuta kwa kamba kiwanja kizima, kuanzia mstari wa nyuma wa upande wake, mpaka alama zote zikafutika. Aliyeshinda alikaa akimtazama. Hiyo iliitwa kupiga gunia. Mtoto wa Suna akirudi nyumbani jioni hakuulizwa kama ameshinda, aliulizwa ni nani amepiga gunia.

Elkanah alipiga gunia miaka miwili mfululizo. Mikono yake ilikuwa mizito, miguu ndiyo kabisa. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho wenzake hawakuwa nacho, alijua kusoma alama. Alama mpya ina kingo kali na udongo wake ndani ni mweusi kidogo. Ya nusu saa iliyopita imeshafifia na kukauka. Mpira uliokatwa huacha duara fupi, uliozungushwa kwa nguvu huvuta mkia kuelekea ulikokwenda. Watoto wakibishana, hata wakubwa kumzidi, waliitana, "Mwiteni Mjaluo aangalie." Naye alikuja, akachuchumaa, akaamua, wakati mwingine akajiamulia hasara mwenyewe. Mwalimu Teresa alimpenda kwa hilo kuliko alivyompenda kwa tenisi yake, na hakulificha.

Alipofika miaka kumi na tisa alikwenda kutafuta riziki ya raketi, na ukimwuliza aliona nini huko atakwambia aliona mchujo. Kigali, Bujumbura, Kampala, Tunisia mara mbili. Unafika siku mbili kabla, unalala wanne chumba kimoja, unajifungia nyuzi za raketi mwenyewe, unashinda mechi moja ya mchujo, ya pili unashindwa, unarudi. Pointi hazianzii kwenye mchujo. Zinaanzia kwenye droo kuu, yaani mashindano yenyewe, na hapo ni lazima ushinde mechi ya kwanza ndipo upewe moja. Moja! Kwa miaka kumi na tatu Elkanah aliikaribia mara nne, na mara zote nne aliiona ikibebwa na mtu mwingine.

Katika kuzunguka huko ndiko alikokutana na Rory Haldane.

Watu wengi hapa kwetu wanadhani Mwingereza wa tenisi ni yule tunayemwona kwenye runinga mwezi wa saba, amevaa nyeupe tupu, anakula matunda kwa uma. Rory hakuwahi kuingia pale hata kama mtazamaji. Alitoka mji mdogo wa kaskazini ambako, kwa maneno yake, mvua hainyeshi bali inaishi. Baba yake alikuwa fundi bomba. Siku za Jumamosi alifundisha watoto wa miaka mitano ndani ya ukumbi wa shule unaovuja. Msimu wa joto aliendesha gari lake kuukuu mpaka Uhispania, akalala ndani yake, raketi kwenye kiti cha mbele na miguu dirishani. Na kwao walikuwa wengi wa namna hiyo, vijana kwa mamia, kila mmoja Jumatatu asubuhi anafungua simu kwa jicho moja kuona kama bado yupo.

"Wewe ukisema kwenu ni mchezaji, wanakupigia makofi," alimwambia Elkanah siku moja Kampala. "Mimi nikisema, wananiuliza bado unacheza? Kwa sauti ile ya kumwuliza mtu kama bado anakohoa."

Walizoeana. Miaka miwili iliyopita Rory alikuja mpaka Suna siku tatu kabla ya mashindano ya Nairobi, kwa sababu Elkanah alimhakikishia kwamba udongo wa kichuguu na udongo wa viwanja vya Nairobi ni ndugu. Alilala sebuleni kwa Mwalimu Teresa, akala ugali wa mtama mpaka akaomba nyongeza. Siku ya pili alicheza na Elkanah mbele ya watoto, akashindwa seti mbili. Alikuwa anafunga begi lake aliposikia kitu kimetupwa miguuni pake. Lilikuwa gunia.

"Sheria ni sheria, Rori," akasema Mwalimu Teresa.

Akaelezwa. Akacheka, akashika kamba, akapiga kiwanja kizima gunia, shingo nyekundu, watoto wakimwelekeza pale alipoacha. Tangu siku hiyo, kila aliposhindwa mahali popote duniani, alimwandikia Elkanah maneno hayohayo. Nimepiga gunia. Uturuki, nimepiga gunia. Ureno, nimepiga gunia tena, na kubwa.

Sasa tuje kwenye mechi yenyewe.

Mwaka jana, Nairobi, droo kuu, mzunguko wa kwanza. Karatasi ilipobandikwa, Elkanah alisoma jina la mpinzani wake akakaa chini kwenye ngazi. Ni Rory. Jioni ile walikunywa chai pamoja kama kawaida, na Rory akamwambia jambo bila kulipamba. Zilikuwa zimembakia pointi mbili tu, na zote zilikuwa zife wiki ileile. Akishinda kesho jina linabaki kwa ile moja mpya. Akishindwa linatoka. "Likitoka, ndiyo basi," alisema. "Nimemwahidi baba. Nina miaka ishirini na tisa na sijui kufanya kitu kingine chochote." Hakusema ili ahurumiwe, alisema kwa sababu walikuwa wakiambiana.

Walicheza karibu saa tatu. Kila mmoja alichukua seti moja, na ya tatu ikafika sita kwa sita, wakaingia ule mchezo wa kukata shauri, wa kwanza kufika saba akimzidi mwenzake kwa mbili. Elkanah alikuwa na sita, Rory tano. Sevu, yaani zamu ya kuanzisha mpira, ilikuwa ya Elkanah. Pointi moja tu, na pointi ile nyingine, ya maisha, ingekuja nayo.

Alipiga sevu nzuri. Rory akaurudisha mpira mrefu, mrefu sana, ukatua nyuma kabisa upande wa Elkanah, ukampita. Mwamuzi kwenye kiti chake hakusema neno, maana yake mpira ni mzuri, maana yake ni sita kwa sita. Elkanah akainua kidole. Akasema umetoka.

Mwamuzi akashuka. Alikuwa kijana mgeni kwenye kazi, na kiwanja hakikuwa kimevutwa tangu mwanzo wa seti, kina alama kama uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga. Akauliza, "Ni alama gani?"

Elkanah aliiona. Mtu mwingine angeweza kudai amechanganyikiwa, si yeye. Ile ya kweli ilikuwa pale, kingo kali, mkia wake umevutwa, nusu yake imekaa juu ya mstari na vumbi la chokaa limeruka. Mpira ulikuwa ndani. Kiganja kimoja nyuma yake kulikuwa na alama nyingine, iliyokauka, ya zamani, nje kabisa ya mstari. Raketi yake ikaielekea ile ya nje. Baadaye alijaribu mara nyingi kujiambia kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Mkono hauendi wenyewe. Akaionyesha, akazungusha duara kama alivyofundishwa Suna, na wakati mwamuzi ameinama hapo, mguu wa kushoto wa Elkanah ulikuwa umesimama juu ya ile ya kweli.

Mwamuzi akamwuliza Rory kama anataka kuja kuangalia. Rory alikuwa kwenye neti, mikono kiunoni, kifua kinapanda na kushuka.

"Kama ni Elkanah ameionyesha," akasema, "basi iko nje."

Akanyoosha mkono waagane. Alimkumbatia pale kwenye neti, akamwambia, "Hongera. Ulistahili moja." Na jioni, kutoka uwanja wa ndege, akamwandikia yale maneno yake. Nimepiga gunia.

Jumamosi ilifika bila huruma. Elkanah alipitia Rangwe kumchukua mama yake, wakafika Suna saa nne. Phelesia alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani na njia nzima alizungumza habari za namba ya mwanawe kana kwamba ni daraja la ukasisi. Mwanawe aliitikia "eeh, mama" na kutazama nje.

Kiwanja kilipendeza, hilo lazima lisemwe. Miezi miwili Mwalimu Teresa alikuwa akisimamia watu wabomoe uso wa zamani na kuujenga upya, na yeye mwenyewe, na miaka yake sabini na minne, alichekecha udongo akiwa amekaa kwenye kigoda kwa sababu mgongo ulikuwa umekataa. Mistari ilipakwa chokaa asubuhi ileile. Hakuna mtu aliyekuwa amekanyaga bado. Watoto thelathini hivi walikaa pembeni kwenye nyasi. Kwenye nguzo ya neti alikuwa ametundika karatasi iliyopigwa plastiki isiloe mvua, ukurasa wa orodha ya dunia, na katikati yake mstari mmoja umepakwa rangi ya njano. Elfu moja mia tano themanini na tatu. Obuya, Elkanah. Kenya. Pointi, moja.

Mwalimu alizungumza kwanza, akisimama kwa fimbo. Hakusifu sana, si tabia yake. Akasema, "Huyu alikuwa mzito. Nyinyi wote mko wepesi kumshinda. Lakini alikuwa anaonyesha alama. Nimemwandikia Rori, yule mzungu alivuta gunia hapa, nikamwambia leo tunafungua, ana neno gani kwa watoto. Amenijibu. Nitawasomea kwa Kiswahili pole pole."

Akavaa miwani, akaiweka simu mbali na uso.

"Anasema, niliacha tenisi mwaka jana, siku ileile ya Nairobi. Sasa namsaidia baba kazi ya mabomba. Anasema, kwa miaka kumi na moja nimeshindwa kila namna, na mara nyingi nimetoka uwanjani nikijiuliza kama nimeibiwa. Hiyo siku ya mwisho sikujiuliza, kwa sababu aliyeonyesha alama alikuwa mtoto wa Suna. Anasema, watoto, nashukuru nilimalizia hapo." Mwalimu akavua miwani. "Haya. Elkanah, wasalimie."

Watoto wakapiga makofi. Elkanah akasimama mbele yao na raketi mkononi. Alikuwa amejiandaa kusema habari za nidhamu na mazoezi. Jezi ilimbana shingoni. Alitazama ule udongo mpya, haujawa na alama hata moja, akajua kwamba akisema yale aliyoyaandaa hataweza tena kurudi mahali hapa maisha yake yote.

"Mwalimu," akasema, "hiyo mpira ilikuwa ndani."

"Mpira gani?"

"Ya Nairobi. Ya Rory. Alama yake ilikuwa kwa laini. Mimi nilionyesha ingine, ya zamani. Ile yake nilikuwa nimeikanyaga."

Watoto hawakuelewa mara moja, kisha wakaelewa wote pamoja, na ule ukimya wao ulikuwa mbaya kuliko kuzomewa. Phelesia alisimama kutoka kwenye kiti chake.

"Nyathina, mwanangu, wacha hiyo maneno," akasema kwa sauti ya chini. "Si hapa."

"Ni hapa, mama."

Msichana mmoja wa mbele, ambaye bila shaka atafika mbali kuliko wote, akauliza, "Kwa hivyo ulishindwa?"

"Sijui," akajibu Elkanah. "Ingekuwa sita kwa sita. Tungeendelea. Pengine ningeshinda, pengine yeye. Sasa hakuna mtu anaweza kujua." Na hapo sauti yake ikakatika, kwa sababu kwa mwaka mzima alikuwa akijiambia kwamba angeshinda tu, na alipolitamka ndipo alipoona kwamba hata hilo alijinyima. Alimwibia Rory mpira, na akajiibia mwenyewe jibu.

Uso wa Mwalimu Teresa ulikuwa umekunjamana, na mtu angedhani ni hasira peke yake, lakini Elkanah alikuwa amemjua tangu akiwa na miaka tisa na aliona kwamba mama yule anazuia kilio. Alitembea kwa fimbo yake mpaka kwenye nguzo. Akaichomoa ile karatasi ya plastiki kwenye msumari.

"Hii inatoka leo," akasema. "Haingoji Jumatatu."

Akampa Phelesia aishike, upande wa maandishi ukiwa chini. Kisha akaenda mpaka kwenye kibanda cha vifaa na kurudi akiburuta gunia. Lilikuwa jipya, ubao wake mpya, kamba yake haijawahi kushikwa na mtu. Alilileta mwenyewe, hakumtuma mtoto, akalitupa miguuni pa Elkanah.

"Mwaka nzima inakungoja," akasema.

Elkanah akaweka raketi chini, akavua viatu, akashika kamba. Akaanzia mstari wa nyuma wa upande wake, kama anavyoanza aliyeshindwa. Hapakuwa na alama hata moja ya kufuta. Alivuta hata hivyo, kwenda na kurudi, polepole, kona zote nne, akapindisha kwenye neti, akamaliza upande wa pili ambao ni wa mwenzake na ambao kwa desturi pia ni wake kuuvuta. Jua lilikuwa limesimama. Watoto walikaa na kumtazama mpaka mwisho, kama desturi inavyotaka, na hakuna aliyecheka. Mama yake alikuwa akilia. Alipomaliza, Mwalimu Teresa alimwita yule msichana wa mbele na mwenzake mmoja, akawapa mipira, wakaanza kucheza, na katika mchezo wa kwanza tu wakabishana, mmoja akazungusha duara kwa kidole na kumngoja mwenzake.

Mchana ule walikula pamoja, lakini Mwalimu hakuzungumza naye. Walipokuwa wanaondoka alimshika mkono kidogo zaidi ya kawaida, akasema, "Jumamosi ijayo uje mapema. Pipa ni nzito kwa hawa watoto." Elkanah akasema atakuja.

Kabla hawajaondoka Suna alimwandikia Rory. Aliandika mengi, akafuta. Akaandika tena, habari za baba yake Rory, za ile miaka yake kumi na moja, yote hayo yakaingia kwenye maelezo marefu ya kujitetea, akayafuta pia. Mwisho alituma mistari miwili. Mpira wako wa Nairobi ulikuwa ndani na mimi niliona. Leo nimepiga gunia.

Alama mbili za buluu, za kuonyesha ujumbe umesomwa, zikatokea palepale. Jibu halikuja. Jumamosi ikaisha, Jumapili ikaisha. Elkanah alikwenda kanisani Rangwe na mama yake, wauza nyanya wakamwita Elfu Moja, naye akawaambia imeisha, wakamwambia atapata nyingine.

Jumatatu alikuwa Homa Bay, kwenye kiwanja cha hoteli, na mwanafunzi wake wa benki. Orodha mpya ilikuwa imeshatoka. Hakuifungua. Asubuhi ile alikuwa amekwangua namba nyekundu mlangoni kwa kisu, ikabaki doa la waridi. Alikuwa anakusanya mipira alipohisi simu imetikisika mfukoni.

"Nimekukasirikia siku mbili," Rory alikuwa ameandika. "Baba bado amekasirika, usimwandikie. Basi ni sita kwa sita. Sevu bado ni yako."

Elkanah alisoma mara tatu. Halafu akakaa chini kwenye saruji, mipira ikimtoka mikononi na kubingirika kuelekea neti, na mbele ya mama wa benki ambaye hakujua afanye nini, akalia.